Kabla hawajapandikiza mshipa moyoni, uliza unatoka wapi

Majuma machache yaliyopita mzee mmoja wa Korogwe aliingia kliniki akiwa na wanawe wawili. Walikuwa wametoka Dar es Salaam, ambako mzee alichunguzwa moyo na kuambiwa kwamba mishipa mitatu inayoulisha moyo wake imeziba na anahitaji upasuaji. Watoto walikuja na maswali yao: gharama, siku za kulazwa, nani atabaki na baba. Mzee, ambaye amekata mkonge sehemu kubwa ya maisha yake, alikuwa na swali moja tu.

"Binti yangu, wamesema watanitoa mshipa mguuni wauweke kwenye moyo. Sasa mguu utabaki na nini?"

Mwanawe mkubwa alimkatiza. "Baba, hayo waachie madaktari."

Nilimwomba kijana amwache baba yake aulize. Katika upasuaji huu, mshipa unaotumika na mahali unapotolewa ni miongoni mwa mambo yanayoamua mgonjwa atakaa miaka mingapi kabla maumivu hayajarudi. Nimeona wagonjwa wengi wa Handeni na Korogwe wakiweka saini au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa bila kujua hata kwamba kulikuwa na mishipa ya kuchagua. Leo tuzungumze hilo.

Mchepuko ambao ni dili

Moyo husukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe hauli damu inayopita ndani yake. Unalishwa na mishipa yake maalumu, myembamba kuliko mrija wa soda, inayotambaa juu ya moyo. Iko miwili mikubwa, wa kulia na wa kushoto. Wa kushoto hugawanyika: tawi moja huzunguka kwenda nyuma, jingine hushuka mbele ya moyo. Hilo la mbele ndilo linalolisha sehemu kubwa ya upande wa moyo unaosukuma damu kwenda mwilini. Msomaji, ukumbuke huo mshipa wa mbele, tutaurudia.

Sigara, kisukari, shinikizo la juu la damu na lehemu nyingi huchakaza mishipa hii miaka kwa miaka. Mafuta hujijenga ukutani na njia hubana. Mtu huanza kusikia kifua kimekabwa anapopanda kilima au kubeba ndoo, akipumzika kinaachia. Wengi huhangaika kwanza na dawa za vidonda vya tumbo.

Barabara ikikatwa na maji ya masika kati ya Korogwe na Handeni, magari hayangoji mpaka ijengwe upya. Yanachepuka pembeni na kurudi barabarani mbele ya palipokatika. Upasuaji wa kupandikiza mishipa ya damu kwenye moyo hufanya hivyo hivyo: palipoziba panaachwa palivyo, na mshipa uliotolewa sehemu nyingine ya mwili unashonwa ili damu ivuke na kuingia mbele ya kizuizi. Tumezoea kuambiwa kwamba michepuko si dili. Kwenye moyo ulioziba, mchepuko unaweza kuwa ndiyo pona ya mtu.

Si kila aliyeziba mshipa anahitaji kufunguliwa kifua. Wapo wanaotibiwa kwa dawa peke yake, na wapo wanaowekewa kijibomba cha kutanua mshipa, stenti, kupitia mkononi au kwenye paja. Upasuaji hupendekezwa zaidi pale mishipa kadhaa imeziba, au shina la mshipa wa kushoto limebana, au mgonjwa ana kisukari pamoja na mishipa mingi mibovu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa wa kisukari 1,900 wa aina hiyo katika nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walikufa au kupata mshtuko wa moyo kwa uchache kuliko waliowekewa stenti, ingawa kiharusi kiliwapata zaidi waliopasuliwa.

Zamani mazungumzo haya yangekuwa ya watu wenye uwezo wa kwenda India. Upasuaji wa kufungua kifua ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, ambako upandikizaji huu unafanywa hapa hapa nchini. Mtu wa Mkata, Chanika au Manundu anapanda basi asubuhi na mchana yuko Dar es Salaam. Kwa kuwa huduma imesogea karibu, na maswali yetu nayo yasogee.

Mshipa wa kifuani

Pande zote mbili za mfupa wa kidari, ule wa katikati ya kifua, nyuma ya mbavu, hushuka ateri moja moja. Ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo kwenda mwilini, na umezoea msukumo mkubwa. Ateri ya kifuani ya kushoto ina sifa ambayo hata sisi madaktari hutushangaza: haizibi kirahisi kwa mafuta. Utando wake wa ndani hutengeneza kemikali zinazoufanya utanuke na kuzuia damu kuganda.

Faida nyingine ni kwamba haihitaji kukatwa pande zote mbili. Daktari huuacha upande wa juu ukiwa umeshikamana na chanzo chake, akaubandua upande wa chini na kuushona kwenye ule mshipa wa mbele wa moyo. Baada ya miaka 10, karibu 90 kati ya kila mishipa 100 iliyopandikizwa hivi huwa bado inapitisha damu.

Mwaka 1986 madaktari wa hospitali ya Cleveland, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa wao waliofuatiliwa kwa miaka 10. Kwa wale walioziba mishipa mitatu, kama mzee wetu, waliopewa ateri ya kifuani kwenye mshipa wa mbele walikuwa hai takriban 83 kati ya 100. Waliopewa mishipa ya mguuni tu walikuwa hai 71. Tangu hapo, mshipa wa kifuani wa kushoto kwenye mshipa wa mbele umekuwa ndiyo desturi duniani kote.

Mshipa wa mguuni

Lakini mishipa mitatu imeziba, na ateri ya kifuani ya kushoto ni moja. Michepuko mingine itatoka wapi? Kwa kawaida mguuni. Ndani ya mguu, kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye paja, chini tu ya ngozi, hupita vena ndefu. Daktari wa Argentina, René Favaloro, ndiye aliyeifanya itumike kwa wingi kwa kazi hii kuanzia mwaka 1967, akiwa Cleveland.

Sifa zake ni nyingi. Ni ndefu, inaweza kutoa vipande viwili au vitatu. Hutolewa haraka, jambo muhimu kwa mgonjwa aliyeletwa katika hali ya dharura. Ni rahisi kushona. Na swali la mzee lina jibu jema: mguu una vena nyingine, kubwa zaidi, ndani katikati ya misuli. Hizo ndizo zinazobeba kazi kubwa ya kurudisha damu. Mguu unaweza kuvimba kwa majuma kadhaa, na kidonda kinahitaji uangalizi hasa kwa mwenye kisukari, lakini mtu anatembea na kurudi shambani.

Ubaya wake ni huu. Vena imezaliwa kufanya kazi ya upole, kurudisha damu taratibu. Ukiihamishia kwenye moyo unaipa msukumo wa ateri. Ukuta wake huwa mnene kwa kujihami, na mafuta hupata pa kukaa. Ndani ya mwaka wa kwanza kati ya 10 na 20 ya kila vena 100 zilizopandikizwa huziba. Kufikia mwaka wa 10, takriban nusu huwa zimeziba au zimeharibika. Kuziba kwa vena moja si lazima kumuue mgonjwa, lakini ndiko kunakowarudisha wengi kliniki na yale maumivu waliyodhani wameyaaga.

Mshipa wa mkononi

Njia ya tatu wagonjwa wengi hawajawahi kuisikia. Mkono hulishwa na ateri mbili zinazoshuka hadi kwenye kiganja. Ile iliyo upande wa dole gumba, ambayo tunaigusa tukihesabu mapigo, inaweza kutolewa, na nyingine ikabaki kulisha kiganja. Ilijaribiwa Ufaransa miaka ya mwanzo ya 1970, ikaachwa kwa sababu ilikuwa inajikunja na kujibana, kisha ikarudi miaka ya 1990 baada ya madaktari kujifunza kuitoa vizuri na kutumia dawa za kuilegeza.

Mwaka 2018 watafiti walikusanya pamoja majaribio 6 yenye wagonjwa 1,036, wakalinganisha ateri ya mkononi na vena ya mguuni kama mchepuko wa pili. Baada ya miaka mitano, waliopewa ateri ya mkononi walikuwa na mishipa michache iliyoziba, na vifo, mshtuko wa moyo na kurudiwa matibabu ya mishipa kwa jumla vilipungua kwao. Walipofuatiliwa hadi miaka 10, faida ilikuwa bado ipo.

Je, kila mtu aombe mshipa wa mkononi? Hapana, na hapa ndipo mwili wa kila mmoja unapotoa jibu lake. Unafanya kazi vizuri pale mshipa wa moyo umebana sana. Ukibana kidogo, damu ya njia ya zamani hushindana na ya mchepuko, na ateri hiyo hunywea. Haufai ikiwa ateri iliyobaki haitoshi kulisha kiganja. Daktari huipima kwa kubana ateri zote mbili ukiwa umekunja ngumi, kisha anaachia moja na kutazama kiganja kinarudisha rangi kwa haraka gani. Mgonjwa wa figo ambaye huenda akahitaji kusafishwa damu ni heri abaki na mishipa ya mikono yake. Na kama kipimo cha moyo kilipitishwa kwenye kifundo cha mkono, ateri ya mkono huo huenda imejeruhiwa, hivyo kwa kawaida haitumiki.

Kwa mkata mkonge, fundi au mama anayesuka ukindu, mkono ni mtaji. Daktari hupendelea kuchukua ateri kwenye mkono usio wa kazi. Nguvu ya mkono haipotei, ila ganzi upande wa dole gumba inaweza kubaki kwa muda. Mwambie unafanya kazi gani na unatumia mkono upi. Asipoambiwa, atajuaje?

Kwa nini wasitumie yote miwili ya kifuani?

Swali zuri. Kama ateri ya kushoto ni bora hivyo, ya kulia nayo si ingetumika? Inatumika, hasa kwa wagonjwa wenye umri mdogo. Lakini ateri hizo mbili ndizo zinazolisha mfupa wa kidari, uliopasuliwa kwa msumeno na kufungwa tena kwa nyaya. Ukizichukua zote, mfupa unapona kwa shida zaidi. Kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mnene sana au mvutaji sigara, kidonda cha kifua kinaweza kuoza, na hilo ni janga.

Utafiti mkubwa wa nchi 7, wenye wagonjwa 3,102, ulitoa matokeo yake ya miaka 10 mwaka 2019. Waliopangiwa ateri mbili za kifuani walikufa takriban 20 kati ya 100, na waliopangiwa moja walikufa 21. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuihesabu. Wataalamu bado wanabishana kwa nini. Kwa hiyo ukiambiwa utatumiwa moja ya kifuani na nyingine za mguuni au mkononi, usidhani umepunjwa.

Msimamo wangu

Kwa maoni yangu, mgonjwa anayepasuliwa kwa kupangiwa, si kwa dharura, asiingie chumba cha upasuaji kabla hajaelezwa mambo mawili. La kwanza: je, mshipa wa mbele wa moyo utapewa ateri ya kifuani ya kushoto? Jibu linapaswa kuwa ndiyo, au kuwe na sababu, kwa mfano aliwahi kuchomwa mionzi ya saratani kifuani, au ateri yenyewe haipitishi damu vizuri. La pili: michepuko mingine itatoka mguuni au mkononi, na kwa nini?

Ninasisitiza zaidi kwa akina mama. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba wanawake hupandikizwa mishipa ya ateri kwa uchache kuliko wanaume. Tena wanawake huchelewa kugunduliwa kwa sababu, mbali na kifua kukabwa, dalili zao zinaweza pia kuwa uchovu, kukosa pumzi au maumivu ya taya na mgongo. Mama, uliza. Baba na watoto, msimjibie.

Kuuliza si kumkosea daktari adabu. Daktari mpasuaji mzuri hufurahi kuulizwa, maana mgonjwa aliyeelewa hushika masharti. Ongeza na haya: miguu yangu ina mishipa iliyovimba na kujikunja, itafaa? Nimewahi kuungua au kuvunjika mguu huu, mmeandika? Sukari yangu imeshuka vya kutosha ili kidonda kipone? Na kama umelazwa wilayani ukisubiri rufaa, dripu ikikosa mshipa mkononi, mwombe muuguzi kwa upole asitumie ule wa kwenye kifundo cha mguu kama kuna mahali pengine. Huenda ndio utakaohitajika.

Upande wetu sisi watoa huduma, tuna deni. Fomu ya kuruhusiwa iandike wazi mishipa gani ilitumika, ilitolewa wapi na ilishonwa wapi. Mgonjwa akipata maumivu miaka sita baadaye akakimbizwa Magunga, hospitali ya Handeni au Bombo, daktari wa zamu anahitaji karatasi hiyo kuliko maelezo ya "nilipasuliwa moyo Dar". Nawe mgonjwa, itunze kama hati ya kiwanja, na upige picha kwenye simu.

Mchepuko unahitaji matunzo

Kosa ninaloliona mara nyingi hutokea baada ya miezi sita. Mtu amerudi nyumbani, kovu limekauka, anapanda kilima bila kifua kukabwa. Anasema amepona, anaacha dawa. Upasuaji haukuondoa ugonjwa ulioziba mishipa ya kwanza. Umeuzunguka tu. Sukari ile ile, presha ile ile na lehemu ile ile vitaanza kazi kwenye mshipa mpya, na vena ya mguuni haina ubishi.

Asprini ndogo ya kila siku husaidia vena isizibe kwa damu iliyoganda. Dawa za kushusha lehemu, zinazoitwa statini, huchelewesha mafuta kurudi. Hizi ni za maisha, pamoja na za presha na kisukari, isipokuwa daktari wako aseme vinginevyo. Sigara iachwe kabisa. Mfupa wa kidari huchukua takriban miezi mitatu kushikamana, kwa hiyo katika muda huo hakuna jembe, hakuna ndoo kichwani, hakuna kuendesha baiskeli wala bodaboda. Ukikohoa, kumbatia mto kifuani. Homa, usaha, au mfupa unaocheza na kutoa sauti ukijigeuza ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na hapa nasema na wenye mamlaka. Taifa linalotumia fedha nyingi kumpandikizia mtu mishipa Dar es Salaam halipaswi kumkosesha statini Handeni. Tumepata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo chake kwa mgonjwa wa moyo kiwe hiki: je, mwaka wa pili na wa tano baada ya upasuaji anapata dawa zake wilayani, au amerudi kununua vidonge vitatu vitatu kwenye duka la dawa kadiri mfuko unavyoruhusu?

Neno kwa wazazi

Wazazi wengi huniuliza kama mtoto mwenye tundu kwenye moyo naye hupandikizwa mishipa ya mguuni. Hapana. Matundu na valvu za watoto ni upasuaji mwingine kabisa, na tutautengea siku yake. Lakini ugonjwa tuliouzungumza leo huanza kujijenga mapema, miaka mingi kabla ya dalili. Kijana wa miaka 16 anayejifunza sigara kijiweni, anayekunywa soda kila siku na hakimbii tena, anaandaa mishipa yake ya miaka 50. Mzazi aliyepasuliwa ana somo la kuwapa wanawe kuliko daktari yeyote: awaonyeshe kovu, kisha awapeleke wakapimwe presha na sukari.

Yule mzee alirudi Dar es Salaam na karatasi yenye maswali manne yaliyoandikwa kwa mkono wa mwanawe mkubwa, yule yule aliyemkatiza. La kwanza lilikuwa la mzee mwenyewe: mguu utabaki na nini?

Makala haya ni ya kukuelimisha, hayachukui nafasi ya daktari anayekutibu. Tukutane wiki ijayo.